Siku Kerubo Aliposimama Mbele ya Kamati

Jumanne. Mvua inanyesha Keroka tangu alfajiri. Nimerudi kwa mama nimelowa chapachapa, na uji alionipikia umepoa mezani. Sina hamu nao.

Chuoni tunafundishwa kwamba mipango ya ustawi wa jamii huanza na haja za watu. Watu husema, kamati husikiliza, serikali hutenda. Likizo hii nimetumwa huku kwetu Gusii nikaone mambo yanavyokwenda.

Leo nimeona.

Kamati ya wilaya ilikutana kuamua kijengwe nini upande wetu wa Nyamira. Akina mama walimtuma Kerubo, mke wa kaka yangu, aombe chumba cha kuzalia na mkunga mmoja. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza njiani kuelekea hospitali, akiwa juu ya machela, mto umefurika na wabebaji wamekwama ukingoni wakingoja maji yapungue. Jambo hilo hakuwahi kulitamka mbele ya wanaume. Leo alilitamka, kwa Ekegusii, sauti haikutetemeka. Mimi nikalitia katika Kiswahili, karani akalitia katika Kiingereza, kama kamati inavyotaka.

Kerubo alizungumza kitambo kirefu. Yaliyotoka kinywani mwa karani yalikuwa maneno machache tu.

Mwenyekiti, Mzungu mpole mwenye mvi, aliinamisha kichwa. Naamini alimhurumia.

"Mwambie namshukuru sana," akaniambia. "Lakini litajengwa jumba la mikutano, lenye redio, kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani. Limekwisha pangwa."

"Lilipangwa lini, bwana?"

"Nairobi," akajibu, kana kwamba nimemuuliza wapi.

Kisha akaomba wanaokubali wainue mikono. Wazee wote wakainua, hata baba mdogo, ambaye ndiye aliyemzika yule mtoto.

Nilimfuata nje. "Baba, hata wewe?"

Hakukasirika. "Mwanangu, hata tukilikataa jumba hatutapewa chumba cha kuzalia. Litapelekwa kwingine, nasi tutaandikwa wakorofi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilirudi ndani kumchukua Kerubo.

Linaloniumiza ni hili. Ningempata mtu mbaya ningemchukia, nikalala. Sikumpata.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Kerubo, tumejifunika majani ya mgomba. Njiani Kerubo akaniuliza.

"Wifi, uliyatafsiri yote?"

"Yote."

"Na yule mzee Mzungu alielewa?"

Ningeweza kumlaumu karani. Lakini niliuona uso wa yule mzee. "Alielewa," nikasema.

Akalivuta jani lake kichwani. "Ningependa uniambie hakuelewa."

Tulipofika kwake aliushika mkono wangu, akauweka tumboni mwake, chini ya leso aliyojifunga. Kumbe ana mimba tena. Kaka yangu bado hajaambiwa. Yuko kwenye mashamba ya chai Kericho.

"Siku yangu ikifika utakuwa huku?" akaniuliza.

Nikamwambia nitakuwa chuoni, nasoma.

"Soma, wifi," akasema, bila uchungu wowote, akaingia ndani kuwasha moto.

Kutakucha tu, hilo najua. Ila sioni asubuhi itamletea Kerubo nini.