Shati Uliloniachia Manfuha

Kaka Afande,

Najua siku hizi unaitwa Mheshimiwa. Nisamehe, mimi shule niliachia darasa la tano, na hilo neno nafikiri lilikuwa la darasa la sita. Nitakuita vile nilikuwa nakuita tukiwa Riyadh, tukilala chumba kimoja kama omena kwa gunia, huyu kichwa huku, yule kichwa kule.

Naandika na simu ya Mganda mmoja. Aliiingiza hapa ndani kwa njia ambayo, kwa heshima ya simu, sitaitaja. Hapa ndani ni tarhili, pale wasio na ikama, kile kibali cha kukaa, wanafungiwa kungoja ndege ya kurudishwa kwao. Hii barua naituma kwa kikundi cha simu cha wadi yetu, watu wote waisome, kwa sababu nikikuandikia wewe peke yako napata tiki mbili za buluu halafu kimya. Sitaki kukuaibisha. Nataka tu ujue kwamba Nafula bado ako ndani ya ile nyumba Jeddah, na mimi narudishwa Kenya bila yeye.

Mama yangu na mama yako ni tumbo moja. Kwa hivyo Nafula akiwa dada yangu, ni dada yako pia. Nasema hivi kwa sababu ya wale wa kikundi. Wewe unajua.

Unakumbuka paredi yetu ya Manfuha, ule mtaa wetu wa Riyadh? Kila asubuhi, kabla hatujaenda kusimama barabarani kungoja wenye kazi, ulikuwa unatupanga kwa ua wa ile nyumba mbovu, wengine mswaki mdomoni, unaita majina kama uko kituo cha polisi. Mimi nilikuwa nimekuja kuendesha gari, kafili, yule mwajiri mwenye viza yangu, akanigeuza mchunga ngamia, nikatoroka nikaanza kuuzia watu mandazi na kufungua simu zilizofungwa. Paredi na mimi wapi na wapi? Siku ya kwanza nilicheka. Ukanipiga jicho.

"Mose!"

"Niko, baba mkwe!"

"Sema 'niko, afande.' Siku shurta, hawa polisi wa huku, wakivamia huu mtaa, nitajuaje nani amebebwa kama sijui nani alikuwa?"

Nikaacha kucheka. Na ile sheria yako nyingine, asiyekuwepo anaitikiwa na mtu wa kwao. Ulikuwa unaita na jina la Nafula, na yeye ako Jeddah anafulia watu nguo. Mimi napaza sauti, "Yuko Jeddah, afande, mzima!" Kama siku mbili hajatuma sauti, unaniuliza, "Mzima umejuaje?" Hiyo siku hauli mpaka tumpate kwa simu. Hivyo ndivyo ulikuwa.

Wewe haukuwa umekuja Saudi kwa kupenda. Ulikuwa konstebo mzuri kule nyumbani. Ulimshika kijana wa diwani na pikipiki ya wizi, ukaambiwa mwachilie, ukakataa, ukahamishwa mpaka pale punda wanaogopa kwenda, ukaacha kazi. Wakala akakuahidi ulinzi wa ofisi yenye ubaridi. Ukapewa geti la kiwanda, juani, mshahara mafi, yaani hakuna, ndio ukaishia kwetu na sanduku lako. Nilikuuliza mbona usingemwachilia tu huyo kijana. Ukasema, "Mwanasiasa ni mtu anakusalimia mkono mmoja na mwingine ameshika simu. Siwezi kuwa mbwa wa mtu kama huyo." Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Halafu ile siku ya Jeddah. Nafula alituma sauti akilia, madam wake wa kwanza amemfichia pasipoti, chakula ni mabaki ya watoto. Mimi nikasema tupeleke habari ubalozini. Ukasema tumepeleka na tumechoka kupeleka, utaratibu ni wa watu wenye njia. Ukavaa shati la kazi, lile la buluu lenye vyuma begani, ukalipiga pasi na sufuria ya moto. Shati lilikuwa na shida moja tu. Mgongoni limeandikwa SEKYURITI, kubwa kama bango la duka, na chini namba ya simu ya kampuni.

Kwa basi ulikaa wima njia yote, lisikunjike. Tulipofika kwa geti ukaninong'oneza, "Mose, mimi sigeuki. Hata nikiumwa na nge, sigeuki."

Ukagonga. Ukatoa cheti chako cha polisi chenye nembo ya serikali. Hicho cheti, watu wa wadi, kilikuwa cha kuacha kazi! Lakini nani pale alijua kusoma Kiingereza chetu? Ukasema "Kenya, shurta, ubalozi, binti yalla," sauti kama radi. Madam aliangalia nembo, akaangalia vyuma begani, akarudi ndani. Nafula akatoka na mfuko wa plastiki na pasipoti mkononi. Nikamshika mkono. Na wewe ukatoka kinyumenyume, mguu nyuma, mguu nyuma, ukiinama "shukran, shukran," mpaka ukagonga pipa la taka na bado haukugeuka. Madam alifikiri ni heshima ya kwetu. Na yeye akainama.

Siku hiyo tulikula samaki Balad, kule Jeddah ya kale, tumeketi chini kwa kivuli cha zile nyumba za zamani za matumbawe, na kila Nafula akitaka kumeza anakumbuka lile pipa. Akacheka mpaka mwiba ukamkwama. Ukampiga mgongo ukimwambia, "Meza wali, dada, meza wali, nisikutoe kwa madam nikakupeleka kwa mochari." Mimi naona hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kushiba.

Kurudi nyumbani hakutaka, karo ya wadogo zetu ilikuwa juu yake. Ukamtafutia nyumba ya pili hapo hapo Jeddah, kwa bibi mzee mpole aliyekuwa anamwita binti yangu. Ukaenda mwenyewe ukaiangalia, ukaangalia mpaka mlango wa chumba chake kama unafungwa kwa ndani. Ndio ukarudi Kenya roho imetulia. Shati ukaniachia. "Shika hili, mdogo wangu. Naenda kutafuta nguvu ya kweli. Nikiipata, hamtatoka kinyumenyume tena."

Ulipogombea kiti cha wadi, sisi wa huku hatukuwa na kura, lakini tulikuwa na mama. Kila mtu Manfuha wa kutoka wadi yetu alimpigia mamake simu, na mama akipigiwa na mtoto wa Saudi ni kama amepigiwa na malaika. Mama yangu aliniambia, "Huyo alimtoa mtoto wangu kwa shimo. Nitampigia kura hata kama kalamu haina wino." Tuliona video zako. Umesimama juu ya pikapu, mkono juu, "Kwa mkono huu nilimtoa dada yenu Nafula!" Vigelegele. Haukusema juu ya pipa. Nikasema sawa, kampeni ni kampeni, pipa halina kura.

Uliposhinda ukaingia bunge la kaunti, tulifanya paredi ya nguvu. Mimi ndiye nilikuwa naita majina sasa, na nikaita lako. Tukaitika sote kwa pamoja, "Yuko bungeni, afande, mzima!" Hata Wapakistani wa chumba cha pili walipiga makofi.

Halafu yule bibi mzee akafa. Mke wa mtoto wake akamrithi Nafula kama anavyorithi vikombe. Chumba cha kufungwa kwa ndani kikawa stoo, Nafula akahamishiwa juu ya jiko la nje, kufuli kwa nje. Simu ikachukuliwa. Sauti yake ya mwisho aliituma akiwa amejificha bafuni, maji yameachwa yatiririke. Nilikutumia. Najua uliisikiza kwa sababu ilionyesha imesikizwa. Anasema, "Mose, kichwa kinauma sana tangu huyu madam mpya aniangushe kwa ngazi. Mwambie Afande. Mwambie aje na lile shati."

Nikakupigia mpaka sekretari wako akanijua kwa kikohozi. "Mheshimiwa ako kwa mkutano." Siku moja ukashika mwenyewe, kukiwa na kelele za watu. Ukasema, "Mose, hii mambo ya nchi za nje si ya kaunti. Andika barua rasmi, pitisha ofisini. Kuna utaratibu." Nikakuambia, "Kaka, ni Nafula." Ukasema, "Ndiyo, ndiyo, sawa sawa," lakini nikasikia haukuwa unaniambia mimi. Ulikuwa unamsalimia mtu. Nikajua mkono mmoja uko wapi na mwingine uko wapi.

Nililala chini kwa ule ua wa paredi nikaangalia juu. 

Nikavaa shati.

Linanipwaya, unajua mimi nimekaa kama mfuniko wa kalamu. Dereva mmoja wa kwetu anayepeleka maji ya chupa Jeddah alinificha nyuma ya katoni. Nilisafiri jangwa lote nimezungukwa na maji, na yeye amenikataza kufungua hata moja. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na picha yako kwa simu, ile ya bango la kampeni, wewe na tai nyekundu.

Nilipogonga geti akafungua bwana wa nyumba. Nikasimama ndani ya geti, kifua mbele, nikamwonyesha tai yako. "Kenya. Huyu mudiri kubwa. Nafula dada yake. Yalla, Nafula." Kaka, karibu ikubali! Akaishika simu, akakuangalia sana. Akanipa ishara ningoje, akamwita mkewe. Mke naye akaja akakuangalia. Walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini, sauti ya watu wanaoogopa serikali. Nikasema huyu kaka yangu hata akiwa picha bado ni afande.

Halafu nyuma yangu, juu, nikasikia, "Mose!"

Lile jiko la nje lilikuwa nyuma yangu. Sikujua.

Wewe haungegeuka. Mimi huyo mtoto nilimbeba mgongoni mama akienda kulima. Akianza kutembea, aliniangukia mimi. Sauti yake ikiniita, shingo yangu haiombi ruhusa.

Niligeuka. Nikamwona kwa kidirisha chenye vyuma, uso umekonda, ametoa vidole nje. Alikuwa anacheka, kaka. Aliona shati, akafikiri ni wewe umekuja na mimi, akawa anakutafuta nyuma ya geti kwa macho. Akauliza, "Afande ako wapi?"

Yule bwana akasoma mgongo wangu. Kwanza alicheka. Halafu akapiga ile namba ya kampuni hapo hapo, nikiwa nimesimama. Shurta hawakuchelewa. Nikipandishwa gari niliangalia juu tena. Kidirisha kilikuwa kimewekwa ubao.

Sijui alivyo sasa. Nimeuliza kila Mkenya anayeletwa hapa. Nimeuliza askari, nimechora nyumba kwa ukuta na sabuni. Hakuna. Watu wa humu ndani wananipenda, nawachekesha, nafanya kama yule bwana akisoma mgongo, wanaanguka. Nikimaliza naenda kwa choo, nafungua maji yatiririke kama yeye.

Kesho kutwa wanasema ni ndege yetu. Miaka yote nimeota kurudi nyumbani, na sasa naomba ndege iharibike. Mama atakuja uwanja wa ndege. Nimemkataza, lakini unamjua. Atavaa kile kitambaa cha kampeni yako chenye uso wako, kwa sababu ndicho kizuri alicho nacho. Atasimama pale watu wanatokea, ataniangalia, halafu ataangalia nyuma yangu, kama Nafula alivyoangalia.

Ataita jina moja, kaka. Na mimi sitaweza kusema "Jeddah, mzima." Ungeniuliza mzima nimejuaje.

Asiyekuwepo anaitikiwa na mtu wa kwao. Sheria ni yako. Njoo usimame pale, na tai yako, hata na simu mkononi. Nafula akiitwa, itika wewe.

Shati wamelichukua. Mimi ni mdogo wako, niko, afande.

Mose