Kiboya Ndani ya Boila Yetu

Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Mabomba.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo? Shemeji hajambo, na wanangu je, wanaendelea vizuri? Kile kifua chako cha baridi kimetulia? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Huku ni shwari, shwari kupita kiasi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Naelewa, kazi ni kazi. Sikulaumu.

Nikupe habari za meli yetu ndogo ya mvuke. Tangu uondoke, miaka sita sasa, ilikaa juu ya kabati ikijaa vumbi. Enzi zetu mambo yalikuwa rahisi: mimi ng'ambo hii ya bwawa la bustani, wewe ng'ambo ile. Ikifika kwako unaidaka, unatazama kioo cha kupimia maji, unafungua au kufunga njia ya pampu inayoyaingiza, unanirudishia. Mwezi wa pili mwaka huu nikajitia ujasiri, nikaiachia peke yangu. Nilipomaliza kulizunguka bwawa kwa goti hili, boila, chungu chake cha kuchemshia maji, ilikuwa kavu na kiungo kimoja kimeyeyuka. Moto ungeendelea kidogo tu, tungeizika. Nilikaa ukingoni nimeipakata, nimeifunika koti, watu wakipita na kunitazama.

Basi nikasema, kama hakuna wa kuyalinda maji, yajilinde yenyewe. Nikatengeneza kibomba cha kusimama, kimeunganishwa na boila juu na chini ili maji yake yawe sawa na ya ndani. Humo kuna kiboya cha shaba, ukubwa wa kidole gumba. Maji yakipanda, kiboya kinapanda na kufungua valvu, kilango kidogo cha maji, na maji ya pampu yanarudi kwenye tangi la akiba. Yakishuka, valvu inajifunga, maji ya pampu yanakosa njia ya kurudi, yanaingia kwenye boila. Ni hivyo tu, lakini kimenitoa jasho. Kiboya cha kwanza kilivuja kikazama kama jiwe. Cha pili, fimbo yake iling'ang'ania. Dobi wa chumba cha chini, ambaye husikia tupa yangu kutwa nzima, alipanda kuniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Jana asubuhi nikaipeleka bwawani, dobi akanisindikiza. Nikaiachia, nikazunguka polepole, nikaidaka, nikafunua. Maji yalikuwa katikati ya kioo, utadhani umeyapima wewe. Nikaiachia tena na tena, nusu saa nzima. Haikukosea hata mara moja.

Dobi akaitazama weee, kisha akaniuliza, "Sasa hapo wewe kazi yako ni nini?"

Nilicheka. Halafu, mdogo wangu, nikajifanya napangusa mafuta mikononi. Miezi minne nilikuwa na pa kwenda kila nikiamka, hata kama ni pale mezani tu. Leo nimeamka, nimefagia chumba mara mbili.

Dada yetu mkubwa anataka nihamie kwake. Namshukuru, lakini nyumba yake imejaa, nami sijazoea kula mezani pa watu wengi.

Ukipata likizo, njoo. Usiseme unakuja kuisaidia meli, maana haina haja nawe tena. Mwenye haja ni mimi.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie baba yao mkubwa anawataja kila siku. Dobi naye anakusalimu, ingawa anakujua kwa masimulizi yangu tu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe na nafasi ya kuniandikia japo mistari miwili.

Ni mimi kaka yako, akupendaye bila kuchoka,
Mzee Mvuke, kama wanavyoniita hapa mtaani.