Kinanda Hakina Pedeli, Miguu Bado Inakanyaga

Mpendwa Mshauri Xaveria,

Shikamoo. Msaada ninaouomba ni wa kinanda, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana waliokwisha kunicheka wanatosha. Mimi ni mama wa makamo, mkulima wa kahawa na migomba hapa Nyakakika, na kabla sijaolewa nilikuwa nikipiga kinanda kanisani, kile cha zamani cha kukanyaga pedeli kwa miguu mpaka kijae upepo ndipo kilie, nikaolewa, wakaja watoto, mmoja mgongoni mwingine tumboni, kinanda nikakiacha nikisema nitakirudia wakikua, na sasa wamekua wote, hata kitinda mimba wetu Anonciata ameolewa Kimuli, na mimi nimeamka asubuhi moja nikakuta nyumba kimya na vidole vinaniwasha.

Mume wangu Kahigi si mtu mbaya. Kahawa ilipouzwa vizuri msimu huu alisema mwenyewe, "Mama Anonciata, nunua hicho kinanda chako cha umeme kabla hujaitoboa meza," maana nilikuwa nikiipigapiga meza kwa vidole hata wakati wa kula. Shida ikaanzia hapo hapo, kwa sababu viko viwili. Kimoja ni kipya, kiko dukani Mbarara, Uganda, na jirani yetu Karekezi anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Murongo anaweza kukileta ndani ya boksi lake, kidogo, chepesi, vitufe vyembamba, kina rumba na cha-cha-cha humo ndani, tena kuna mahali ukibonyeza kinapiga wimbo chenyewe bila mtu. Cha pili ni cha mtumba, cha Mwalimu Theoneste wa kwaya pale Nkwenda, ambaye anahamia Mwanza na hataki kukibeba, nacho ni kirefu, kizito, vitufe vyake vipana kama vya kile cha kanisani, ukikigusa kwa upole kinalia kwa upole. Kahigi anataka kipya, anasema cha mtumba kimeshazoea mkono wa mwenyewe kitatusumbua, Kahigi huyu huyu, Mshauri, ambaye ng'ombe wetu hakumlipia mpaka alipomkamua kwa mkono wake mbele ya muuzaji, na baiskeli yake ina umri mkubwa kuliko ndoa yetu.

Sasa nikueleze aibu yangu. Nilikwenda kwa Mwalimu kukijaribu, nikawakuta wageni sebuleni, akiwemo Pastory mwenye baa, ambaye naye anakitaka kiwachangamshe wateja wake. Kinatumia betri ya gari. Nikakaa, nikaanza wimbo wa zamani wa kanisani, mkono ukakubali, moyo ukafurahi nusura nilie, mara sauti ikaanza kufifia, na mimi bila kufikiri nikakanyaga, ikazidi kufifia nikazidi kukanyaga, kwa bidii zote, viatu vya Jumapili puu puu puu, kumbe betri inakata roho na huko chini hakuna pedeli yoyote. Ingekuwa nyumbani kwangu, ambako tumetandika nyasi sakafuni, nani angesikia, lakini sebule ya Mwalimu ni saruji tupu. Pastory alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mama, kaza mwendo, Bukoba si mbali!" Nikatoka bila hata kuaga.

Tangu siku hiyo nimeuliza kila mtu kipi ni bora, kipya au mtumba, nimemuuliza mchungaji, fundi redio, Karekezi, hata anayetuuzia chumvi, na kila mmoja ana jibu lake na mimi sina. Mwalimu anahama mwisho wa mwezi, amenitumia salamu kwamba nisipotokea atampa Pastory. Naogopa nikikosea safari hii sitakaa tena mbele ya kinanda maisha yangu yote. Niambie, Mshauri, kipya au mtumba?

Ni mimi mwenye vidole vinavyowasha (jina langu naomba usilitoe),
Nyakakika, Karagwe

XAVERIA ANAJIBU

Marahaba, Mama Anonciata. Umelificha jina lako kwa uangalifu mkubwa, kisha ukamtaja mumeo, mwanao, jirani yako na mwenye baa, kwa hiyo tuzungumze wazi tu, Karagwe nzima imeshakujua. Na nikiri kwamba nimecheka. Nilijikaza mpaka kwenye viatu vya Jumapili, hapo nikashindwa.

Tuanze na hicho kipya. Vidole vyako vilijifunza kwenye vitufe vipana. Ukiviweka kwenye vyembamba vitasukumana kama watu mlangoni ibada ikiisha, nawe utadhani mkono umezeeka kumbe kosa ni la kinanda. Na hiyo sehemu ya kubonyeza kikapiga chenyewe ni ya nini? Kama unataka kusikiliza, redio si mnayo? Sisemi kipya ni kibaya kwa sababu ni kipya. Cha Mwalimu kikionekana kibovu, mtume Karekezi, lakini akuletee kirefu chenye vitufe vya upana kamili, kinachotofautisha mkono mwepesi na mkono mzito, na boksi lifunguliwe kipigwe dukani kabla hajatoa pesa.

Sasa mumeo. Mwambie nimemsalimu, kisha muulize kwa nini alimkamua yule ng'ombe. Atakwambia alitaka kuyaona maziwa kwa macho yake. Basi mchukue mwende naye Nkwenda, mkakikamue kinanda mbele ya mwenyewe. Mwalimu aweke betri iliyojaa, safari hii msikubali visingizio. Bonyeza kila kitufe toka mwanzo hadi mwisho, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, Kahigi asikilize kama kuna bubu au kinachokwama. Kiache kikiwaka muda wa ndizi kuiva jikoni, uone kama kitakoroma kikipata joto. Kagueni pale waya unapoingia, pasiwe na kutu wala pa kutikisika. Kikishinda majaribio hayo yote, kuzoea mkono wa Mwalimu ni sifa yake, maana Mwalimu anajua kupiga. Na mkishakifikisha nyumbani muwe na betri mbili, moja ikiwa Nkwenda inachajiwa nyingine ikufanyie kazi.

Hapo nimejibu ulichouliza. Sasa kaa vizuri nikugombeze kwa usichouliza. Barua yako nimeirudia kuisoma. Kile cha Mbarara hujakigusa, umenisimulia maneno ya Karekezi. Cha Mwalimu umeniambia mkono ulikubali na moyo ulifurahi nusura ulie. Mama, wewe ulishachagua siku ile ile! Kinachokuzungusha kwa mchungaji na muuza chumvi ni kwamba huwezi kuingia tena ile sebule, na unatafuta mtu wa kukwambia "nunua kipya" ili usiingie. Mimi sitakwambia. Ni haki yako kuona aibu, hata mimi ningeona, lakini usiache kinanda chako kiende baa kwa sababu ya kicheko cha mtu mmoja.

Ingia. Piga hodi, ukimkuta Pastory msalimie wa kwanza, na akianza tena habari za Bukoba mwachie kiti umwambie apige yeye mstari mmoja tu. Nina hakika atakumbuka ana wateja wanamsubiri baa.

Na kuhusu miguu, hapo sikucheka kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo ya watoto na kahawa umejiambia kwamba umesahau. Sauti ilipotaka kuzimika, miguu yako ilikwenda kuiokoa kabla wewe mwenyewe hujajua. Nimefurahi sana kuisoma hiyo sehemu, mama, nimefurahi kuliko nilivyocheka. Kwa hiyo usije ukaikataza. Kinanda kikifika, kiweke sebuleni kwako, kata nyasi mpya utandike chini yake, zitandike nene, halafu kaa upige na ukanyage unavyotaka.