Shuka la Chumba Namba Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wakwe zangu wanataka niwapelekee hawara yangu wamwone, na mimi hawara sina, hata wa kusingiziwa nilikuwa sina mpaka nilipojisingizia mwenyewe.

Mimi ni dobi. Mwaka juzi niliugua utumbo, nikaharisha damu mpaka nikabaki mifupa, madaktari wakautoa utumbo mpana wote, kisha wakatumia utumbo mwembamba kunishonea mfuko humo humo ndani wa kuhifadhi choo. Wakati nangoja huo wa ndani upone nilivaa mfuko wa plastiki wa kukinga choo tumboni miezi mitatu, na mke wangu ndiye aliyekuwa akinibadilishia, kisha ukatolewa, nikatangaza mtaa mzima kwamba nimepona. Mchana kweli sina neno. Usiku ndio balaa, nikishalala fofofo choo kinavuja bila hodi, mara mbili au tatu kwa wiki naamka shuka limechafuka.

Usiniambie ningemwambia mke wangu, kwanza nisikilize. Kazini tupo wanne, na kwa miaka kumi na minne burudani yetu imekuwa kuyasoma mashuka ya wateja, huyu kakojoa, yule kala kitandani, na mimi ndiye nilikuwa nikiongoza vicheko, mpaka wakanibandika jina la Mpelelezi. Mtu kama mimi nikisema nimejichafulia, uso nitauweka wapi? Basi nikahamia chumba cha pili, nikamwambia mke wangu nimeanza kukoroma, kila nikichafua nalibeba shuka kazini alfajiri, jioni narudi nalo safi.

Wiki iliyopita nikavuta shuka kwenye rundo lisilo langu, nikaja kulitandika bila kuangalia, kumbe ni la gesti tunayoifulia, limepigwa muhuri wa bluu: CHUMBA NAMBA 7. Mke wangu akaliona. "Mume wangu, namba saba umelala na nani?" Ningeweza kusema nimekosea rundo, lakini angeuliza mashuka yetu yanafuata nini kazini, nikababaika, nikasema, "Nisamehe, shetani alinipitia." Akalia, akampigia mama yake, na mama mkwe kaitisha kikao: "Mwambie amlete huyo mwanamke, tujue ametuzidi nini." Nimemwomba mfagizi wa gesti ajifanye ndiye, kanifukuza kwa ufagio. Mshauri, nifanyeje? Au kuna mtu unamfahamu?

Ni mimi, Dobi Niliyekwama.

JIBU

Dobi, hapana, hakuna mtu ninayemfahamu, na huyo mfagizi nampongeza.

Barua za wanaume wenye hawara wanaoapa kwamba hawana nimezizoea, zimejaa meza hii. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea aibu ya kukopa ili ufiche ugonjwa ambao si aibu. Pole sana kwa maradhi, nakwambia kwa moyo wote, kukatwa utumbo si mchezo. Ila kwa vicheko vya miaka kumi na minne sina pole. Sasa umejua kwamba kila shuka mlilolicheka lilikuwa na mwenyewe, naye pengine alilileta kwenu akitetemeka.

Rudi kliniki walikokupasua, na useme "navuja usiku" kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Wenye mfuko wa ndani wengi hupatwa na hilo, wala hutamshtua daktari. Huenda mfuko umevimba na unahitaji dawa, huenda misuli ya njia ya haja imelegea na kuna mazoezi yake. Ukiona damu, homa, au safari za chooni zimeongezeka ghafla, nenda siku hiyo hiyo. Dawa ya kufunga choo usijinunulie dukani, mwache daktari aamue. Kula chakula cha jioni mapema, maji kunywa ya kutosha mchana, na uingie chooni kabla ya kulala hata kama hujabanwa. Vaa pedi ya watu wazima, paka mafuta ya kukinga ngozi, tandika mpira chini ya shuka. Wewe ni dobi bwana, kati ya watu wote duniani ndiye unayekosa mbinu ya shuka?

Halafu rudi chumbani kwako. Mwanamke aliyekubadilishia mfuko wa choo miezi mitatu bila kuziba pua, unamwogopea nini? Kikao cha Jumamosi mwachie yeye na mama yake, akishaujua ukweli atajua la kuwaambia. Kumwambia kusingoje kliniki wala Jumamosi. Wewe unahangaikia uso wako, na mwenzako analala peke yake ng'ambo ya ukuta akijiuliza ana kasoro gani. Hana. Kamwambie leo, kabla hajazima taa.