Ulivyoninusa Mdomo

Micah na Jemutai,

Maziwa ya jioni mpelekeeni Mama Shiru, mtungi uko nyuma ya mlango. Ng'ombe mweusi msimkamue, amekaribia kuzaa. Ugali nimefunika.

Nimeenda kliniki Nakuru. ~~Nilitaka mmoja wenu twende naye.~~ Nyinyi mmemsindikiza pasta mpaka barabarani, mimi nimejisindikiza.

Asubuhi pasta aliposema tusimame tuombe, nilisimama haraka nisionekane simheshimu Mungu. Macho yakaingia giza, nikaangukia meza ya chai. Micah, uliinama kama mtu wa kuniinua, kumbe unaninusa mdomo. Nilikuona. Mimi ambaye sijaonja pombe tangu nibatizwe.

Daktari alinieleza mwezi uliopita. Ugonjwa wa sukari umeharibu neva zangu, zile za kubana mishipa ya damu mtu akisimama. Sasa nikiinuka damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Sio njaa, na chai ya sukari mliyoninywesha haikusaidia kitu. Nimejaribu kuwaambia, lakini kila nikianza mnashika simu. Mama yenu angekuwa hai, angekuwa ameuliza.

Kuku wafungiwe mapema.

Jioni mkinikuta nimekaa nje kwa kile kistuli cha kukamulia, msiniambie niinuke niingie ndani. Nangoja damu ipande. Na Micah, ukitaka kuninusa tena, ninuse tu. Bora ukae hapo karibu.

Baba