Nilihesabu Hadi Kumi

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na kifua kimenibana. Lakini leo lazima niandike.

Apiyo, mjane wa jirani yangu, alikuja saa nne na kikapu cha viazi vitamu. Bado ananiita japuonj, mwalimu, ingawa kazi ya kufundisha watu ufugaji niliiacha miaka mingi kabla ya Uhuru. Ana wanambuzi wawili wa siku sita. Juzi mama yao alinasa pembe kwenye ua wa mikonge, mbwa wakamrarua. Sasa anataka niwachome hawa vichwani kwa chuma cha moto ili pembe zisiote, kama nilivyowachoma wale wa mume wake zamani.

Wale wa zamani walikufa wote watatu.

Nilikuwa nimejifunza kwa ndama wa ng'ombe: chuma chekundu, hesabu hadi kumi. Habari za mbuzi sikufundishwa, wala sikuuliza, maana mwalimu nilikuwa mimi. Asubuhi ya pili walikuwa wakizungukazunguka kama walevi, na jioni wote walikuwa wamekufa. Nilimchukua mmoja nikasema nakwenda kumzika. Nyuma ya choo nikampasua fuvu. Jembamba kama ganda la yai. Moto ulikuwa umefika kwenye ubongo.

Niliporudi uani nilikuta watu wanamkodolea macho Boke, mke mwenza wa Apiyo, Mkuria wa Kegonga. Yeye ndiye aliyenishikia wale wanambuzi. Walisema ana jicho, amewaua kwa kuwatazama. Mume wao akanigeukia mimi, msomi wao, akaniuliza ni ugonjwa gani huu. Nikajibu kwamba siujui ugonjwa wa namna hiyo.

Sikusema uongo. Haukuwa ugonjwa.

Nimejificha ndani ya jibu hilo hadi uzee huu. Boke alirudishwa kwao kabla ya mavuno, mtoto mgongoni, sufuria moja kichwani.

Leo nilimwambia Apiyo aziache pembe, afyeke ile mikonge. Akacheka. "Japuonj, unaogopa nini? Mwenye jicho si alishakwenda kwao?"

Nikasema mikono yangu haina nguvu. Akasema basi nipumzike, atawachoma mwenyewe. Alisema alinitazama vizuri siku ile na anakumbuka: kuhesabu hadi kumi. Atawasha moto kesho akitoka mtoni.

Nilimtazama akivuka mfereji. Ningeweza kumwita. Pumzi ya kukohoa ninayo, ya kumwita sikuipata.

Padre wa Asumbi atakuja Ijumaa kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia yeye, kwa kuwa padre akiambiwa hasemi. Sasa naona kwamba hiyo ndiyo sababu nilimchagua. Wanambuzi hawataifikia Ijumaa, na Boke hakukosewa na padre.

Kesho nitachukua fimbo yangu, mvua inyeshe isinyeshe. Apiyo akirudi kutoka mtoni atanikuta nimekaa mbele ya mafiga yake, kile chuma cha kuchomea nimekilaza magotini.

Nitaanza na jina la Boke.