Wifi, Nilikudanganya Kuhusu Nengah

Banjar Tegal Asri,
Karangasem, Bali.
12 Agosti 2019

Mpendwa Wifi Wayan,

Hujambo wifi yangu? Hao wazee unaowatunza huko Japani wanakuacha ulale kidogo? Na kifua chako je, kimepona? Mimi sijambo, ni uchovu tu. Putu wetu ameota meno mawili, ananiuma nikimnyonyesha. Naandika nikiwa nimempakata, usishangae mwandiko.

Wifi, ulipouliza kama nimempeleka mdogo wako kwa daktari, nilikujibu mume wangu mzima, ana shughuli nyingi hekaluni. Nilikudanganya.

Siku ya sikukuu ya hekalu, mungu alimpanda Nengah. Akacheza na kisu bila kujikata, mama mkwe akalia kwa furaha. Hayo hata wewe umeyaona kwa wengine. Lakini yeye aliendelea nyumbani. Alibishana na mungu jikoni, hakulala, chakula changu akasema kina sumu. Yote niliyaona. Nilinyamaza kwa sababu, naona haya kuiandika, niliipenda ile heshima. Sokoni walinipisha. Yule Kompyang muuza nguruwe akipiga kelele, "Mpisheni mke wa mungu jamani, asije akatulaani!" nami nacheka, najiona.

Mwezi uliopita akamchukua Putu mpaka chemchemi ya hekalu, eti ameagizwa amsafishe. Akamzamisha. Kuhani wetu, Jero Mangku, ndiye aliyemnyang'anya. Mtoto alitapika maji ndipo akalia.

Jero Mangku hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mwanangu," alisema, "mungu akimpanda mtu, haweki makazi. Namnyunyizia mtu maji, anarudi akilini, anauliza amefanya nini. Huyu nimemnyunyizia mara ngapi? Harudi. Anaumwa huyu. Hukuona?"

"Niliona, Jero."

"Basi kajifunge kanga, twende hospitali."

Sasa ni wiki ya tatu yuko huko. Analala, anakula. Juzi aliniuliza kwa sauti ndogo kama mungu alikuja kweli. Nikamwambia, "Siku ile hekaluni, naamini alikuja. Siku zilizofuata ulikuwa mgonjwa, na dawa utameza." Akageukia ukutani. Nilimshika mguu mpaka kengele ya wageni ikalia.

Jumamosi anarudi nyumbani. Mama mkwe anasema vidonge vinamfukuza mungu, atavitupa mtoni. Nikamwambia, "Mama, sadaka tutatoa, sala tutasali, ila vidonge hutavigusa."

Akaniambia, "We mtoto wa juzi, unanifundisha mwanangu? Dada yake mwenyewe kanipigia simu, kasema Nengah mzima!"

Kumbe ulimfikishia maneno yangu, wifi. Nilikosa pa kuweka uso.

Mimi hanisikii tena, na ana haki. Wewe anakusikia. Tafadhali mpigie kabla ya Jumamosi. Usinifichie kosa langu. Mwambie wewe uliuliza kuhusu daktari, ni mimi Ketut niliyekuandikia uongo, na kwa uongo huo mjukuu wake nusura afe. Akinichukia, sawa, nitakaa naye hivyo hivyo. Vidonge vibaki.

Baba mkwe anakusalimu, na Shangazi Rai pia. Msalimie Sulastri mnayekaa naye chumba kimoja. Wazee wetu waliotangulia wakuangalie huko uliko, wakurudishe ukiwa na afya.

Wifi yako akupendaye, ingawa alikukosea,

Ketut Murniasih